Shajara ya Mradi: Kucheza Michezo ya Uhalisia Pepe kutoka kwenye Wingu

Shajara hii inafuatilia jaribio la kuendesha michezo ya uhalisia pepe kwenye kompyuta iliyokodiwa katika kituo cha data, huku picha ikitiririshwa hadi kwenye hedseti niliyoivaa kichwani. Sina kompyuta yenye kadi ya michoro yenye nguvu ya kutosha, na sababu ya mradi wote ni hiyo tu. Vifaa nilivyo navyo ni hedseti ya Quest 3, ruta inayotumia mfumo wa OpenWrt, kifaa cha kurushia Wi-Fi 6, na laini ya faiba yenye megabiti 200 za kushusha na 20 za kupandisha. Programu ya kutiririsha ni ALVR, ya chanzo huria, ambayo huifanya SteamVR, programu ya kuendeshea michezo ya uhalisia pepe kwenye kompyuta, iamini kwamba hedseti imechomekwa kwenye kompyuta ingawa haijachomekwa popote. Hatua za kawaida nimezipita upesi, kwa kuwa mwenye nia ya kurudia kazi hii atazipata katika maelekezo ya programu zenyewe. Makosa nimeyapa nafasi kubwa zaidi, maana ndiyo yaliyokula muda na fedha.

1 Februari 2025: Skrini bapa kwanza

Nilianza na kilicho chepesi. Mara nyingi, kinachotajwa kuwa mchezo wa wingu kwenye hedseti ni mchezo wa kawaida unaoonyeshwa kwenye skrini bapa kubwa iliyotundikwa mbele ya macho. Programu ya michezo ya wingu ya Xbox ilipofika kwenye hedseti za Quest mnamo Desemba 2023, ilikuja kwa mtindo huo. Nilioanisha kidhibiti cha Bluetooth, nikaingia kwenye akaunti, na ndani ya nusu saa nilikuwa ninaendesha gari la mashindano.

Breki zilichelewa kidogo, lakini tumbo lilitulia kwa saa nzima. Jambo lililonishangaza lilitokea mtandao ulipokatika kwa muda mfupi: picha ya mchezo iliganda, lakini skrini yenyewe ilibaki palepale chumbani, nami niliweza kugeuza kichwa, nikaiangalia kwa pembeni, nikarudi, kama mtu anayetazama televisheni iliyokwama. Skrini hiyo huchorwa na hedseti yenyewe kila mara inapoburudisha picha. Kinachotoka mbali ni kile tu kilichomo ndani ya fremu ya skrini. Kichwa hakisubiri seva. Ni kidole kilichobonyeza kitufe ndicho kinachosubiri. Niliandika hilo pembeni bila kujua kwamba wiki tisa zilizofuata zingekuwa za kupigania kitu hichohicho, yaani kuhakikisha kichwa hakisubiri.

8 Februari 2025: Hesabu kabla ya kukodi

Katika uhalisia pepe kamili hakuna skrini ya kutundika. Seva huchora dunia nzima kwa kila jicho, kwa kufuata mahali kichwa kilipo. Kabla ya kulipia chochote nilipiga hesabu mbili.

Ya kwanza ni ya ukubwa. Kila jicho la Quest 3 lina pikseli 2,064 kwa 2,208, hivyo macho mawili yanahitaji pikseli zaidi ya milioni 9 kwa fremu moja. Kwa fremu 72 kila sekunde na biti 24 kwa kila pikseli, bila kubana chochote, ni gigabiti 15 na ushei kwa sekunde. Ili zipite kwenye megabiti 60, video lazima ibanwe takriban mara 260. Baada ya kubanwa, kila fremu hubaki na kilobaiti 104 hivi, ambazo husafiri zikiwa zimegawanywa katika pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, karibu 80. Idadi hiyo ya pakiti iwekwe akilini, kwa sababu itarudi.

Ya pili ni ya muda. Kwa fremu 72, kila fremu ina milisekunde 13.9 tu. Hedseti hupima mkao wa kichwa kwa kamera na vihisi vyake, huupeleka kwenye seva, mchezo huchora, kadi ya michoro hubana, video husafiri, hedseti huifungua, kisha husubiri zamu ya kuionyesha. Nilipojumlisha hatua zote bila safari ya mtandao, nilipata milisekunde 45 hivi. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kituo cha data kilicho umbali wa kilomita 1,000 huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi hata kama njiani hakuna foleni yoyote, na hakuna fedha inayoweza kuzipunguza.

Sasa, kipimo kinachotajwa sana na watengenezaji wa hedseti ni kwamba tangu kichwa kisogee hadi picha ibadilike kusipite milisekunde 20. Kwa hesabu yangu mradi ulikuwa umeshindwa kabla haujaanza. Kinachouokoa ni ujanja wa namna mbili. Kwanza, hedseti haipeleki mahali kichwa kilipo, bali mahali inapokisia kitakuwa wakati fremu itakapofika. Pili, fremu ikifika huja na maandishi ya mkao iliochorewa, nayo hedseti hulinganisha mkao huo na ule halisi wa sasa hivi, kisha huisogeza picha yote kufidia tofauti, milisekunde chache kabla ya kuionyesha. Katika shajara hii kazi hiyo ya pili nitaiita usahihishaji. Hufanyika ndani ya hedseti na hauhitaji mtandao.

15 Februari 2025: Kadi isiyochora

Nilikodi mashine pepe yenye kadi ya NVIDIA T4 na kumbukumbu ya gigabaiti 16. Nilichagua kituo cha mbali kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo, uamuzi ambao nitauzungumzia baadaye kwa aibu. Kusakinisha Windows, SteamVR na ALVR kulikwenda vizuri. Kisha SteamVR ikagoma kuwaka, ikidai kwamba hakuna kadi ya michoro inayofaa.

Nilipoteza saa nne nikisakinisha upya vitu visivyohusika. Tatizo lilikuwa dreva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Kadi za vituo vya data zikiwekewa dreva ya kazi za hesabu kwenye Windows, huingia katika hali inayoitwa TCC, ambamo hupiga hesabu tu na haziruhusu programu kuchora kwa Direct3D, mfumo wa Windows wa kuchora michezo. Amri ya nvidia-smi ilikuwa ikinionyesha herufi hizo tatu mbele ya jina la kadi tangu mwanzo. Mimi ndiye sikuzisoma. Dawa ni kusakinisha dreva ya michoro ya kituo cha data, ile ya mfululizo wa GRID, ambayo mkodishaji wa mashine huitoa pamoja na leseni yake. Baada ya kuwasha upya, herufi zikabadilika kuwa WDDM, yaani hali ya kuchora, na SteamVR ikafunguka.

Ikafunguka kwa dakika mbili. Nilipofunga dirisha la kompyuta ya mbali ili nivae hedseti, kila kitu kilizimika. Nilikuwa nimeingia kwa huduma ya kompyuta ya mbali iliyomo ndani ya Windows, ambayo humfungulia mgeni kikao chenye skrini yake ya bandia, na mgeni akiondoka kikao hufungwa kwa nenosiri. Mchezo haukuwa na mahali pa kuendelea kuishi. Niliweka VNC, programu nyingine ya kuiona kompyuta ya mbali, ambayo hutazama kikao kikuu cha mashine bila kukigeuza, na nikaiagiza Windows iingie yenyewe kila inapowaka. Tangu hapo huduma ile ya awali naitumia kwa dharura tu.

22 Februari 2025: Seva ndiyo inayobisha hodi

Kwa mantiki yangu hedseti ni mteja, na mteja ndiye huifuata seva. Kwa hiyo nilifungua milango 9943 na 9944, namba ambazo ALVR hupitishia data, kwenye ngome ya mtandao ya mashine iliyokodiwa, nikavaa hedseti, nikasubiri. Hakuna kilichotokea. Nilizima ngome yote kabisa, jambo ambalo simshauri mtu, na bado hakuna kilichotokea.

Katika ALVR mambo yako kinyume. Hedseti hukaa ikisikiliza, na programu iliyo kwenye kompyuta ndiyo huitafuta na kubisha hodi. Nyumbani, vyote vikiwa kwenye mtandao mmoja, mtu hawezi kuiona tofauti hiyo. Kutoka kwenye wingu, seva ilikuwa inabisha kwenye ruta yangu, nayo ruta haikujua mgeni anamtafuta nani. Ningeweza kuelekeza milango kutoka kwenye ruta hadi kwenye hedseti, lakini laini yangu haina anwani yake ya pekee ya intaneti. Kampuni ya mtandao huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja.

Suluhisho likawa VPN ya WireGuard, yaani handaki la siri kupitia intaneti, kati ya ruta na mashine iliyokodiwa. Ruta ndiyo huanzisha muunganisho kuelekea nje, hivyo ule ukuta wa anwani ya pamoja hauzuii kitu, na hedseti huonekana na seva kana kwamba ziko chumba kimoja. Niliiweka kwenye ruta na si ndani ya hedseti, kwa sababu sikutaka kuipa hedseti kazi nyingine ya kuficha na kufichua data wakati tayari inahangaika kufungua video. Nikaongeza anwani ya hedseti kwa mkono kwenye dashibodi ya ALVR, nikabonyeza kuiamini, na kwa mara ya kwanza nikaiona sakafu ya kijivu ya SteamVR.

Ilikuwa inakatikakatika kama filamu iliyochanika.

23 Februari 2025: Baiti nane

Hili ndilo kosa ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa nilikesha nalo na likaisha kwa kubadilisha namba moja.

Kipimo cha mtandao kilionyesha laini ina nafasi ya kutosha mara mbili, na pingi, kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi, haikupoteza hata pakiti moja. Hata hivyo ALVR iliripoti kupotea kwa fremu kila baada ya sekunde chache. Nilishusha video kutoka megabiti 100 hadi 60, kisha 30. Hali ilipungua ukali lakini haikuisha, na picha ikawa kama imepakwa mafuta.

Nilichokuwa sikioni ni ukubwa wa pakiti. Handaki la WireGuard kwa kawaida huruhusu pakiti isiyozidi baiti 1,420. Programu yangu ilikuwa imewekwa ifunge data kwa baiti 1,400, na kwa macho ya haraka 1,400 inaingia kwenye 1,420. Lakini kila pakiti huongezewa kichwa cha UDP cha baiti 8 na kichwa cha IP cha baiti 20, na jumla inakuwa 1,428. Kwa baiti nane zilizozidi, kila pakiti ilikuwa inakatwa vipande viwili: kimoja kikubwa, na kingine kidogo mno kinachobeba mabaki. Zile pakiti 80 za fremu zikawa 160, na kipande kimoja kikipotea, chenzake hutupwa pia. Pingi ya kawaida hutuma pakiti ndogo, ndiyo maana iliniambia kila kitu ni salama.

Nilishusha ukubwa hadi baiti 1,320. Ndani ya dakika ile ile sakafu ya kijivu ikatulia. Anayetaka kupima kabla hajaumia atumie pingi yenye ukubwa maalumu na iliyokatazwa kukatwa vipande, aipandishe kidogokidogo hadi ikatae kupita. Pale inapokataa ndipo penye kikomo chake.

1 Machi 2025: Bei nafuu iliyonigharimu

Leo nilicheza kwa mara ya kwanza, kwa dakika sita. Safari ya kwenda na kurudi hadi kituo kile cha mbali ilikuwa milisekunde 96, na ukijumlisha zile 45 za hatua nyingine unapata 141.

Kichwa kikiwa kimetulia, dunia ilikuwa nzuri ajabu. Nilipokigeuza upesi kushoto, ukingo mweusi uliingia upande wa kushoto wa jicho, mnene kama upapi wa mlango, kisha ukajazwa. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Kichwa kinachogeuka digrii 100 kwa sekunde husogea digrii 14 ndani ya milisekunde 141. Usahihishaji huisogeza picha iliyofika ili ikae mahali pake sahihi, lakini hauwezi kuchora kilicho nje ya picha hiyo, hivyo upande mpya hubaki mtupu. Ukisio wa mbele hupunguza pengo kichwa kikiwa kwenye mwendo ule ule, ila unapoanza kugeuka hakuna aliyejua kwamba unageuka.

Ukingo mweusi ningeuvumilia. Kilichonishinda ni kuinama. Usahihishaji niliokuwa nautumia hurekebisha mzunguko wa kichwa tu, hauhusiki na kusogea kwake. Nilipoinama kutazama kikombe kilichokuwa mezani ndani ya mchezo, ukuta wa nyuma ulibaki imara lakini kikombe kiliogelea, kikachelewa, kisha kikarudi mahali pake. Vitu vya mbali havionyeshi kosa hilo. Vya karibu hulitangaza. Baada ya mara ya tatu nilivua hedseti na kukaa sakafuni kwa robo saa nikiwa na kichefuchefu.

Nimehamia kituo kilicho karibu zaidi, chenye safari ya milisekunde 18. Kodi yake kwa saa ni kubwa kuliko ya kile cha kwanza. Mtu akitaka kurudia kazi hii asianze na bei ya mashine; aanze na pingi, kisha ndipo aulize bei.

9 Machi 2025: Wastani unaodanganya

Katika kituo kipya nilicheza dakika arobaini bila tatizo, mchezo wa kutegua mafumbo katika chumba. Jioni iliyofuata, saa ile ile, mashine ile ile, ilikuwa haichezeki. Wastani wa pingi kwa saa nzima ulikuwa milisekunde 24, namba ambayo ingemridhisha yeyote.

Nilirudia kipimo kwa kurekodi kila pingi badala ya wastani. Nyingi zilikuwa 18, kisha zilizuka fungu za 140 zilizodumu sekunde chache na kutoweka. Fungu hizo ziliendana na simu ya nyumbani iliyokuwa ikipandisha picha kwenye hifadhi yake ya mtandaoni. Megabiti 20 za kupandisha zilijaa, ruta ikazipanga pakiti zote kwenye foleni moja ndefu, na ndani ya foleni hiyo kulikuwa na taarifa ndogo za mkao wa kichwa changu.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikukitarajia: video nzito iliyokuwa ikishuka haikuwa na tatizo lolote. Kilichokwama ni kile chepesi kinachopanda. Seva ilikuwa ikipokea mkao wa zamani, inauchorea picha safi kabisa, na kuituma kwa wakati. Picha nzuri ya mahali ambapo kichwa hakipo tena. Mbaya zaidi, ucheleweshaji ulipopanda na kushuka, ukisio nao ulivurugika, kwa sababu hedseti hukisia kwa kutegemea muda iliouzoea. Ucheleweshaji wa 63 usiobadilika mwili wangu umeuzoea. Unaorukaruka kati ya 63 na 185 siwezi kuuzoea hata nikipewa mwezi.

Niliweka kwenye ruta upangaji wa foleni wa CAKE, nikauwekea mipaka ya megabiti 180 za kushusha na 18 za kupandisha, chini kidogo ya uwezo wa laini, ili foleni ijengeke kwenye ruta yangu ninayoiamuru na si kwenye vifaa vya kampuni nisivyovifikia. Nilirudia kipimo simu ikipandisha picha kwa makusudi. Pingi ya juu kabisa ilikuwa 26. Ninapoteza asilimia kumi ya kasi niliyoilipia, na sijaikumbuka hata siku moja.

16 Machi 2025: Hewani

Kipande cha mwisho cha njia, kutoka kwenye kifaa cha Wi-Fi hadi kwenye hedseti, kina mita tatu tu, nacho kilikula wiki nzima.

Kifaa kilikuwa kwenye korido, kikirusha kwenye bendi ya GHz 5, chaneli ya 36, pamoja na majirani wote. Nilihamia chaneli ya 100 ambayo ilikuwa tupu, na kwa siku mbili nilijiona mjuzi. Siku ya tatu, katikati ya mchezo, kila kitu kilikatika. Chaneli hizo ni tupu kwa sababu ni za pamoja na rada, na kifaa kikidhani kimesikia rada kinalazimika kuhama mara moja, na kabla ya kurusha tena kwenye chaneli ya aina hiyo kinapaswa kusikiliza kimya kwa sekunde 60. Nimesimama gizani dakika nzima nikiwa nimeshika upanga.

Nilirudi chaneli ya 36, nikavuta kebo ya mtandao hadi chumba ninachochezea, na kukiweka kifaa cha Wi-Fi humo humo, mbele ya macho ya hedseti, kikihudumia hedseti peke yake. Simu na vifaa vingine vilibaki na kifaa cha zamani. Majirani bado wapo hewani, lakini sauti iliyo karibu huzishinda zilizo nyuma ya kuta. Kebo ya mita kumi na tano ilifanya kazi kuliko mpangilio wowote niliougusa kwenye menyu.

23 Machi 2025: Mikono

Kichwa kimetulia, sasa imebaki mikono. Usahihishaji husogeza picha nzima kulingana na kichwa, hivyo hauwezi kuusogeza mkono uliochorwa ndani ya picha. Mkono unaokwenda mita 2 kwa sekunde, kwa ucheleweshaji wa milisekunde 63, huonekana sentimita 13 nyuma ya ulipo. Ukisio hujaribu kuziba pengo hilo kwa kuurusha mkono mbele.

Nilijaribu hivi: nilipiga ngoma ya ndani ya mchezo kwa mdundo wa polepole. Fimbo ilishuka vizuri, lakini mkono wangu uliposimama ghafla juu ya ngozi, fimbo niliyoiona iliendelea, ikazama ndani ya ngoma upana wa vidole viwili, kisha ikarudi juu. Ukisio ulidhani naendelea kushuka. Nilipopunguza ukisio wa mikono kwenye mipangilio ya ALVR, kuzama kuliisha lakini mkono mzima ukawa mzito, kama niuvute kutoka kwenye tope. Nimeuacha katikati, na sioni kama kuna mpangilio unaomaliza jambo hili. Ni biashara ya kubadilishana kasoro moja kwa nyingine.

Kinachobadilika ni uchaguzi wa mchezo. Wa kuendesha ndege ulikuwa bora kuliko yote: mtu amekaa, mikono iko kwenye usukani halisi, na vitu vingi viko mbali. Mafumbo na ujenzi wa polepole pia unafaa. Ndondi nimeziacha baada ya raundi moja. Michezo ya kukata vitu kwa mdundo wa muziki huchezeka katika ngazi nyepesi, lakini ngazi za juu huhitaji mikono ambayo wingu halijanipa.

30 Machi 2025: Ankara

Mashine imekuwa hai kwa saa 74 tangu nianze. Kati ya hizo, nilizocheza kweli ni 29. Saa 34 zilikwenda kwenye ujenzi na makosa yaliyoandikwa hapo juu, na 11 zilikuwa usiku mmoja ambao nilivua hedseti, nikaenda kulala, nikaisahau mashine ikichora sakafu ya kijivu isiyotazamwa na mtu.

Nimeandika hati ndogo inayozima mashine ikiwa hedseti haijaunganishwa kwa dakika 20. Hata hiyo ilikuwa na tundu: kwa mkodishaji wangu, kuzima kutoka ndani ya Windows hakusimamishi kodi, kwa sababu mashine hubaki imetengewa mteja. Hati sasa inaita amri ya kuiachilia mashine kutoka kwenye mfumo wa mkodishaji mwenyewe. Diski ya michezo huendelea kulipiwa usiku na mchana hata mashine ikiwa imelala.

Hata hivyo, mstari mrefu kuliko yote kwenye ankara haukuwa mashine wala diski, ulikuwa data inayotoka. Megabiti 60 kwa sekunde ni gigabaiti 27 kwa saa, na mkodishaji aliyeweka kodi ya chini ya mashine alitoza kila gigabaiti inayovuka lango lake. Data ilizidi kodi ya mashine yenyewe kwa mbali. Anayelinganisha wakodishaji atafute kwanza mahali walipoandika habari za data inayotoka, mara nyingi chini kabisa ya ukurasa.

6 Aprili 2025: Kadi nyingine

Kama data ndiyo ghali, dawa ni kuibana zaidi. Quest 3 inaweza kufungua video ya AV1, mtindo mpya wa kubana video, lakini T4 haiwezi kuitengeneza. Huishia kwenye HEVC, mtindo wa zamani zaidi. Nilikodi kwa saa tatu mashine yenye kadi ya L4, ya kizazi kipya zaidi, kwa mkodishaji mwingine asiyetoza data kwa gigabaiti, katika mji ule ule wa kituo cha pili. Kusakinisha kila kitu upya kulichukua saa moja, maana safari hii nilianza na dreva sahihi, VNC na baiti 1,320.

Nilisimama mbele ya mti mmoja wa ndani ya mchezo kwa mipangilio yote miwili. Kwa HEVC ya megabiti 60 majani yalikuwa yakigeuka uji kila nilipotikisa kichwa. Kwa AV1 ya megabiti 40 kingo za majani zilibaki, ingawa vivuli vya giza bado huonyesha ngazi ngazi. Gigabaiti kwa saa zimeshuka kutoka 27 hadi 18. Kila fremu sasa ni pakiti 53 hivi badala ya 80, na fremu zinazopotea hewani nazo zimepungua.

Nimehamisha faili za maendeleo ya michezo kwenda kwenye mashine mpya, nimeiachilia ile ya T4, na diski yake nimeifuta leo saa nne usiku.